Daftari la Shimo la Kokoto

Halvor kaja na kasha moja la risasi,
hamsini, shaba mpya, bado zina mafuta ya kiwandani.
Mimi nimekuja na daftari la hesabu
lililobaki Shule ya Skogmo ilipofungwa,
na penseli, kwa kuwa baridi hii huganda wino.

Kaskazini ni ngano iliyovunwa.
Kusini ni ngano iliyovunwa.
Upepo wa Dakota haujui kubisha hodi.

Baba alituachia bunduki mbili zinazokula chakula kimoja:
bastola ya silinda, mtutu inchi nne, ikaondoka na Halvor;
karabini ya wenzo, mtutu inchi kumi na nane,
ikabaki nyumbani, nami nikabaki nayo.

Miaka thelathini na moja tumebishana,
kwa simu, kwa kadi za Krismasi,
mara moja kanisani, mbele ya jeneza la shangazi Borghild:
mtutu mrefu huongeza nini hasa?
Yeye: kelele zilezile, mzigo zaidi.
Mimi: pima.

Basi leo tumepima.
Mashine ya kusoma kasi imesimama kwa miguu mitatu,
tumeibana kwa mawe isipeperuke.

Bastola kwanza. Anaishika kwa mikono miwili,
magoti yanamtetemeka, hataki nione.
Mdomoni mwa mtutu linachanua ua la moto,
kubwa kama kabichi.
Futi elfu moja mia mbili na kumi na nane kwa sekunde.
Tena. Elfu moja mia mbili na tatu.
"Ule moto," namwambia, "ni baruti iliyochelewa.
Risasi imeshatoka, yenyewe bado inatafuta viatu."

Karabini sasa, begani kwangu.
Wenzo unalia kama baba akifunga ghala.
Hakuna ua. Cheche tu,
na mlio mzito uliotulia.
Elfu moja mia nane na ishirini na sita.

Halvor anasogea, anafuta kioo kwa kidole cha glavu
kana kwamba tarakimu ni uchafu.
Risasi ileile, kasha lilelile,
ila inchi kumi na nne zaidi za giza
ambamo gesi iliendelea kusukuma,
na baruti ile ya polepole
ikapata nafasi ya kumaliza maneno yake.

"Haya," akasema. "Mrefu kashinda."

Ningeweza kunyamaza.
Lakini nimefundisha hesabu miaka ishirini na tisa,
na jibu nusu hunikera kama kokoto kiatuni.
Nikatoa mfukoni risasi tano za baba, za shabaha,
alizozijaza mwenyewe pale mezani jikoni:
risasi butu, baruti kiduchu, ya haraka.

Bastola, mbili: mia saba arobaini na nne, mia saba hamsini.
Karabini, mbili: mia saba kumi na mbili. Mia saba na tisa.

Imepungua.
Gesi iliishiwa nguvu katikati ya njia,
kisha chuma kikaanza kudai kodi,
inchi kwa inchi.

Nilidhani atacheka. Hakucheka.
Alitazama paa la nyumba yetu kule ng'ambo ya mabua,
rangi ambayo huipaka mimi, peke yangu, kila kiangazi cha tatu.
"Na wewe, Dagny," akasema, "ulijazwa baruti ipi?"

Yeye alitoka na basi la Duluth, ana miaka kumi na tisa,
wilaya nzima ikaona moto wake.
Hilo sikulisema.
Niliandika: 709. Nikapiga mstari chini.

Tukaokota maganda, tukayatia kofiani mwake,
ya bastola na ya karabini, bado yana joto.
Mtu angetazama alama ya pini angeyatenganisha.
Hatukutazama.

Ilibaki moja ya baba, juu ya jalada la daftari.
Akaichukua bila kuomba,
akaisikiliza kwa kuitikisa karibu na sikio,
akaitia mfukoni.